Uji Wako na Televisheni ya Ireri

Marigu mwenzangu,

Huku Kibugu kuna habari kwamba mimi ndiye niliyekuua. Nimeona nikuandikie mwenyewe kabla hujaisikia kwa wengine, maana mzee Namu wa kule bondeni alizikwa wiki jana, na mdomo wake unaujua. Hawezi kufika mahali akakaa kimya.

Nakuandikia kwa Kiswahili kama mwalimu wetu wa ngumbaru alivyotufundisha tukiwa tayari kina mama wazima: anwani juu, salamu, kiini cha barua, kisha kufunga. Anwani yako nimeiacha wazi. Unakumbuka alivyotuamuru tuandikiane, nami nikakuandikia "natumaini hujambo huko uliko" na wewe umekaa dawati moja nami, kiwiko chako kwenye mbavu zangu? Ulicheka mpaka akakutoa nje. Ulisema lugha ya nyumbani ni ya kugombana na Kiswahili ni cha kuandika. Leo sina wa kugombana naye, basi naandika.

Sasa nikueleze nilivyokuua.

Tulipokuzika, Njue wako alikaa nyumbani kidogo, akamwona baba yake anashinda mlangoni akitazama majani chai yasiyochumwa. Akarudi Nairobi. Mwisho wa mwezi akaja na televisheni kubwa ya kubebwa na watu wawili, na king'amuzi, na waya za kutosha kufunga ng'ombe. Wewe ulikuwa umekataa kitu hicho miaka yote. Ulimwambia nikiwa pale, "Mimi siingizi kwa nyumba yangu mtu siwezi kumwambia nyamaza." Lakini sasa hukuwepo, na kijana akamwambia baba yake, "Buda, hii itakutoa hiyo stress. Ukiwa na hii huwezi boeka." Alifanya kwa upendo, simlaumu. Au namlaumu kidogo, wewe ni mama yake, nisamehe. Aliitundika pale ulipokuwa ukitundika kalenda ya kanisa.

Tangu siku hiyo Ireri wako ana kazi. Asubuhi habari, mchana marudio ya habari, jioni sinema, kisha habari tena, zilezile, ila sasa anayezisoma amebadilisha koti. Majani yako yamekuwa msitu, Marigu. Ile safu ya juu uliyokuwa ukiichuma ukiimba imenipita kimo. Nilijitolea kumchumia, akasema ataona. Anaona televisheni.

Na si uvivu tu. Mtu huyu aliyekuwa akiacha mlango wazi hata tukienda kanisani, leo lango lina mnyororo. Ule upenyo wetu kwenye ua, tuliouchimba kwa kupita wewe na mimi mpaka miche ikakata tamaa kuota, ameuziba kwa matawi ya miiba na seng'enge. Nilipomwuliza akanijibu kwa huruma, kama mtu anayezungumza na mgonjwa. "Mama Kanini, dunia imeharibika. Huoni vile watu wanachinjwa?" Nikamwuliza wanachinjwa wapi. Akasema kila mahali, jana tu walikuwa wanne. Nikamwuliza, hapa Kibugu? Akanitazama kama mtoto. Mimi na wewe tumeishi hapa tangu tuolewe, na wizi mkubwa ninaoukumbuka ni wa kuku wa katekista, ambaye baadaye alitoka mwenyewe chini ya ghala na vifaranga nyuma yake. Lakini Ireri haishi tena Kibugu. Analala tu hapa.

Hata kwenu Gachoka haendi tena kuwasalimu shemeji zake. Anasema barabara ile ina majambazi. Barabara ile ina punda, Marigu, na vumbi.

Sasa kuna sinema ya kila jioni. Ni ya nchi za mbali huko, watu wenye nywele ndefu na majumba makubwa, imetiwa Kiswahili juu kwa juu, mtu ameshafunga mdomo na maneno bado yanamtoka. Ndani yake kuna tajiri ambaye mke wake ni mgonjwa. Rafiki wa mke anakuja kila siku na bakuli la supu. Anaonja kwanza, anatabasamu, kisha anampa mgonjwa. Mgonjwa anakufa. Kumbe, wanasema, sumu ilikuwa chini ya ukucha wa kidole gumba, na alikuwa akikichovya kidole ndani akishaonja. Kabla marehemu hajakauka kaburini, rafiki ameanza kumpigia yule tajiri pasi mashati.

Wifi yako Igoki ndiye mwenzake Ireri wa kutazama. Anakuja na lesso mbili, moja ya kujifunika na moja ya kulilia. Siku ya kipande kile cha ukucha, binti yako Wawira alikuwa jikoni, akamsikia Igoki akisema, "Ngoja kwanza. Si hata Mama Kanini alikuwa anaonja ile uji ya marehemu kwanza?" Wawira anasema Ireri alipunguza sauti ya televisheni. Na mtu yule, Marigu, hapunguzi sauti hata mchungaji akiingia.

Kana kwamba kuna mtu wa hapa asiyeonja! Si mama zetu ndio waliotulea hivyo? Humpi mtu kibuyu kabla hujanywa mwenyewe, ili aone kwamba unachompa ni chakula. Kumpa bila kuonja ndilo lililokuwa tusi. Leo jambo lilelile la kumtuliza mgeni ndilo ushahidi.

Nilijua haya kituoni, pale tunaposubiri lori la majani. Ilikuwa ile mvua-mvua ya Julai, baridi inayoingia mpaka kwenye meno. Nikafungua chupa yangu ya chai kama siku zote, nikamimina, nikaonja, nikampa Mama Wanja. Akasema, "Wacha tu, mimi nimeshiba." Ashibe nini kwenye baridi ile? Nikampa wa pili, akatazama barabara. Wa tatu akaniambia amefunga na kuomba, na hindi la kuchemsha liko mdomoni. Niliinywa chai ile yote peke yangu, na nilijua kuna kitu, ila sikujua ni nini. Wawira ndiye aliyenivuta nyuma ya kibanda. Alikuwa analia, akiniita mama mdogo kwa lugha ya nyumbani. "Tata, usikasirike. Wanasema uji yako ilikuwa na kitu. Mimi sijasema. Ni huko kwa TV walitoa."

Nililia, Marigu. Nilipanda mlima na kikapu kitupu mgongoni nikilia kama msichana aliyepigwa na mume. Halafu nikacheka, maana nilikumbuka sababu wanayotoa. Eti nilimtaka Ireri! Mimi! Wewe umelala na miguu ile ya baridi maisha yako yote, waambie huko kama kuna mwanamke wa kuua mtu kwa ajili yake.

Lakini kicheko hakikukaa. Wewe ulikuwepo. Daktari alituambia sote watatu, Ireri amesimama pale ameshika kofia kifuani, kwamba koo lako limezibwa na saratani na kilichobaki ni kukupunguzia maumivu. Ireri ndiye aliyeuliza mara mbili kama hakuna njia. Ireri ndiye aliyeanguka kwenye benchi la nje, nikamnunulia soda. Mtu husahauje jambo kama hilo? Nimefikiri sana, naona hakusahau. Ni kwamba daktari alisema mara moja, kwa sauti ndogo, na televisheni husema kila jioni.

Na uji wenyewe. Ulikuwa umekataa kila kitu, ukataka mwere wa kwenu Gachoka tu, ile nafaka ndogo ya jua kali uliyokulia. Nilishuka mpaka kwa ndugu zako kuutafuta. Nilikusagia, nikaupika mwepesi, nikauchuja na kuuchuja tena upite kwenye kile kitundu kilichobaki. Kila asubuhi nilipita kwenye upenyo na kibuyu ndani ya kanga. Na wewe, hata sauti ilipokuwa imebaki ya kunong'ona, hukuacha utani wako. "Onja vizuri," ulikuwa ukiniambia. "Tufe pamoja, tusisumbue watu na mazishi mbili." Tukacheka mpaka ukakohoa. Kumbe Igoki alikuwa nje ya dirisha akisuuza masufuria. Hilo nalo limekuwa ushahidi. "Marehemu alijua! Alisema na mdomo yake mwenyewe, tufe pamoja!" Na watu wanatikisa vichwa, wanasema lisemwalo lipo.

Siku moja katika siku hizo ulinishika mkono ukasema Wawira akiposwa nisimame mahali pako. Ukasema nisimwachie Igoki, atawapa wakwe chai isiyo na sukari. Nikasema ndiyo. Ukasema, sema tena. Nikasema tena. Wewe unajua nilivyo, nikisema kitu nimesema.

Basi Wawira ameposwa. Ni kijana wa Muthara, anaitwa Mutwiri, anatengeneza pikipiki mjini Embu. Watu wake wanakuja kwa ruracio, kuleta mahari, na ni lazima wanawake wao wakifika langoni na vikapu vyao wapokewe na mama wa msichana, anywe nao, ndipo wazee waanze mambo yao ya mbuzi. Nilikuwa nimeshafua ile gauni yangu ya bluu. Ndipo Ireri akamtuma katekista kwangu, hakuja mwenyewe, eti wifi wa marehemu atasimama, hawataki fitina nyumbani. Katekista alisema akitazama viatu vyake. Hakuketi, na uji nilikuwa nao motoni.

Hapo ndipo nilipouona ubaya wake wote. Kusemwa nimezoea, tangu nilipofiwa na Baba Kanini mimi ni wa kusemwa tu. Lakini nilikuahidi kitu kitandani pako, na sasa kuna watu wamenizuia kukitimiza kwa sababu ya mwanamke wa kwenye kioo. Nikasema, kama nimeshtakiwa, angalau niione hiyo mahakama. Nikampigia Kanini simu, akaniletea televisheni ndogo aliyokuwa nayo chumbani kwake mjini, yeye ana nyingine ya simu.

Najua. Usiseme kitu. Nilikuwa naitazama kama mtu anayemtazama adui, nimekunja mikono.

Nikaanza na sinema ile tu, nijue kesi yangu imefika wapi. Lakini huwezi kuijua sinema bila kuona marudio, maana wanakumbushana mambo ya zamani. Kisha sinema inaisha, habari zinaanza hapohapo kabla hujainuka, na chai bado iko kwenye kikombe. Na nimejifunza mengi, Marigu, mengine ni mambo tulipaswa kuyajua zamani. Alikuja mtu hapa kuomba maji, ana begi. Zamani ningempa na ndizi. Nilimwambia maji yamekatika, nikachungulia dirishani mpaka akapotea. Begi la nini? Kuna kijana anakaa njia panda juu ya pikipiki akiongea na simu muda wote. Ni mjukuu wa Mama Wanja, nilimbeba mimi siku ya ubatizo wake, lakini hivyo ndivyo wanavyoanza. Karani wa mizani pale kituoni ana saa mpya. Nimeweka komeo la pili mlangoni, na kuku wanaingia ndani jua likiwa bado juu ya msitu.

Huyo Mutwiri pia anatabasamu sana. Kwa wale wa kwenye sinema, mwanamume wa kutabasamu hivyo ana mke mwingine mahali. Nimemwuliza Wawira kama ameona nyumba yake yote, vyumba vyote. Akaniambia, "Tata, ana bedsitter. Chumba ni kimoja."

Na nikuambie jingine, usikasirike. Asubuhi nilikuwa nikikupa uji mimi. Lakini zile dawa za jioni alikuwa akikupa nani? Mimi sikuwepo jioni. Anayenyoosha kidole kwanza, mara nyingi ndiye. Sisemi Ireri alifanya kitu. Nasema tu sikuwepo. Nilimwambia Kanini jambo hili kwenye simu, akasema, "Mama, umeanza kuongea kama Baba Njue." Nilikata simu. Kwanza, ni nani aliyemfundisha kunijibu hivyo? Mji unaharibu watoto.

Basi sinema ikafika mwisho. Jioni hiyo Kibugu nzima iliingia ndani mapema, mpaka kituoni lori lilikuta watu wameacha magunia na karani. Nilikaa kwenye kigoda kama mtu anayesubiri hakimu atoke chumbani. Wakamleta yule rafiki mahakamani na nywele zake. Nikaanza kumwombea. Naapa, nilimwombea kwa jina la Yesu mwanamke asiyekuwepo. Na ghafla ikafunuliwa: hakuwa yeye! Ukucha ulikuwa wa wifi. Dada wa mume, aliyekuwa akiipasha moto supu ile jikoni kabla haijafika kwa mgonjwa, alitaka nyumba. Rafiki akaachiliwa, yule tajiri akapiga magoti mbele yake na maua. Nilisimama nikapiga makofi peke yangu kwenye nyumba yangu. Kuku wakaamka.

Kesho yake asubuhi nikasikia hodi. Ni Ireri, amezunguka kwa barabara kwa kuwa upenyo ameuziba mwenyewe, amevaa koti la kanisani. Akasimama pale penye mawe ya kuanikia unga. "Mama Kanini, nimekuja kuomba radhi. Sasa nimejua haikuwa wewe." Nikamwuliza amejuaje. Akasema, "Imeonekana." Nikamwuliza imeonekana wapi. Akashika kofia kifuani, vilevile kama siku ile kwa daktari.

Marigu, sijawahi kukasirika hivyo. Afadhali angekuja kunitukana. Miaka yote niliyochuma chai bega kwa bega na mke wake haikunisafisha. Daktari hakunisafisha. Machozi yangu kaburini hayakunisafisha, walisema ni ya uongo. Nimesafishwa na mwanamke wa mbali asiyejua Kibugu iko upande gani, ambaye hata mdomo wake haupatani na maneno yake. Na kama waandishi wa huko wangeamua vingine? Ningekufa muuaji. Nilitaka kumwambia yote haya. Lakini alikuwa amekonda, shati lake halina kifungo, na akasema kwa sauti ya chini kwamba Wawira amekataa ruracio isipokuwa mimi nisimame. Nikakubali. Nilikubali kwa ajili yako, si kwa ajili ya koti lake.

Akaniomba niende siku hiyo hiyo tupange mambo. Nikaenda. Na hapo ndipo ninapotaka kukuambia jambo ambalo sijamwambia mtu.

Ni kwamba, kabla hata sijavuka lango lako, nilikutana na Mama Wanja, yule aliyeshiba. Alinikumbatia. Aliniambia yeye alijua tangu mwanzo si mimi. Kisha akanisogelea sikioni, "Kikulacho ki nguoni mwako. Nani alikuwa anapasha ile uji ikipoa? Si wifi?" Akasema wanawake wameshaambiana: Jumamosi, siku ya ruracio, kama Igoki atagusa sufuria, wao hawatakula, na watawatonya pia wale wa Muthara wasile. Hebu fikiri. Wakwe waje kutoka kote huko, wakute wanawake wa kwetu wamekaa na sahani tupu, wakinong'ona kwamba nyumba hii ina sumu. Hiyo ndoa itafika wapi?

Na nikuambie ukweli, kwa muda mfupi niliona raha. Nikasema moyoni, naye aonje.

Igoki alinipokea jikoni kwako. Hakuwa na lesso hata moja, na alisema hatatazama tena. Uso ulikuwa umemwingia ndani kwa usiku mmoja. Alinimiminia uji, akauonja, akanipa kwa mikono miwili kama tunavyowapa wakubwa, na mimi si mkubwa wake. Nikanyoosha mkono. Macho yangu yakaenda, yenyewe, kwenye kidole gumba chake. Chini ya ukucha kulikuwa na weusi.

Ni utomvu wa majani chai, Marigu. Ni weusi uleule nilio nao mimi sasa hivi nikishika kalamu hii. Ni uleule uliokuwa kwako, tulipokuosha tukasugua na limau mpaka ngozi ikawa laini na bado haukutoka, nikasema mwacheni, aende nao. Kila mwanamke wa milima hii anao. Nilijua hayo yote nikiwa nimeshika kikombe. Niliyajua kabisa. Na sikuweza kunywa.

Nikamwambia, "Nimeshiba."

Alikichukua kikombe, akatoka, akamwaga uji kwenye shina la mgomba, akasimama pale amenipa mgongo. Mabega yake yalikuwa yakitikisika. Simpendi Igoki, hilo unalijua, hata wewe hukumpenda. Lakini yule mwanamke aliyesimama mgombani nilimtambua. Ni mimi nikipanda mlima na kikapu kitupu.

Wewe ulikuwa umesema huwezi kumwingiza nyumbani mtu usiyeweza kumwambia nyamaza. Mimi niliona ni maneno ya mshamba wa Gachoka asiyetaka kulipa stima. Sasa najua ni mimi niliyefanywa mshamba. Niliileta nyumbani niichunguze, kumbe ilikuwa ikinifundisha kutazama. Sasa nikimwangalia mtu, simwoni yeye kwanza. Namwona yule anayefanana naye.

Ruracio ni kesho. Leo nimeifunika televisheni kwa kitambaa cha meza. Nakuambia kweli kwamba nilikifunua mara moja mchana kuona kama itanyesha, nikakirudisha. Nitamrudishia Kanini akija, au nitaiuza, sijui. Sijafika huko.

Ninachokuahidi ni hiki. Nitavaa ile ya bluu. Nimemtumia Igoki neno kwamba yeye ndiye atakayepika, sufuria zote, na mwenye neno aje kwangu. Wanawake wa Muthara wakifika langoni na vikapu vyao, nitasimama pale ungesimama wewe, na Igoki ataleta kibuyu cha kwanza. Atataka kuonja. Nitakipokea kabla hakijafika mdomoni mwake. Nitakunywa mbele ya Mama Wanja, mbele ya Ireri, mbele ya wakwe, mpaka chini, nikigeuze kibuyu waone hakuna tone. Kisha nitampa Mama Wanja cha pili kwa mkono wangu, na tuone kama atasema ameshiba.

Nitaogopa. Sitakudanganya wewe. Nitakuwa nikiuangalia ule ukucha.

Pumzika, mwenzangu. Wawira ni mzuri siku hizi, ana shingo yako. Nitakutazamia huyo kijana wa kutabasamu, na nitajitahidi kumtazama yeye mwenyewe. Na kama kweli Igoki ni muuaji, nisogezee nafasi hapo ulipo; nitakuwa nimefika kabla nyama haijaiva.

Ni mimi wako,
Mama Kanini